Hirizi Hupata Wapi Nguvu Yake?

Huku kwetu Vugiri, Tanga, wazee wakizindika nyumba, wanafukia nini?

Ni fingo: dawa ya miti na mizizi, aghalabu ndani ya chungu au pembe, hufukiwa mlangoni ili kuzuia wachawi na maradhi. Chungu chenyewe hakina neno. Mganga ndiye anayekitabania na kumpa mwenye mji miiko, na miiko ikivunjwa, dawa huhesabiwa imekufa.

Je, Wachina wana mambo kama haya?

Wanayo, tena mengi. Sanamu mpya ya Guanyin, bodhisattva wa huruma, hufanyiwa ibada kwanza, na kuhani huichora mboni za macho kwa brashi. Kabla ya hapo ni mti au udongo tu. Makuhani wa Kitao huandika talasimu kwenye karatasi ya manjano, kwa wino mwekundu. Nyingine hubandikwa mlangoni, nyingine huchomwa na majivu yake yakanywewa katika maji. Nani wa Tanga asiyekumbuka kombe hapo? Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Mimi jambo hili hunigusa sana: watu wa mbali hivyo, nao wamelinywa andiko.

Masheikh wanasemaje juu ya hirizi?

Hawakubaliani. Wapo wanaoiruhusu ikiwa ndani yake ni Kurani tupu. Wengine huikataa kabisa, wakihofia shirki.

Wafalme wa Vugha nao walikuwa na dawa?

Ndiyo, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya mvua. Masimulizi ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara kutoka Vugha, yanamtaja Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, aliyeingia Usambara na dawa zake. Lakini dawa ya mfalme ilitaka enzi isiyogombaniwa. Watawala wakishindana kwa mvua, Wasambaa walisema wanabana shi, yaani wanaiharibu nchi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, jamaa zake walipigana na watu wengi wakauzwa utumwani. Dawa zilikuwapo; utulivu haukuwapo.

Nimeuziwa hirizi ya utajiri sokoni. Itanisaidia?

Hapana, ndugu yangu. Haitakupa mali, na hata kwa mila zenyewe haina aliyeitabania kwa jina lako wala miiko unayoishika. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inataka waganga wasajiliwe, basi ulizia usajili. Na mtu akikuambia dawa yako inahitaji kiungo cha binadamu, nenda polisi siku hiyohiyo. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalitokana na maneno hayo, na ndiyo yaliyoifanya Serikali ipige marufuku wapiga ramli Januari 2015.