SELIMUNDU: HERUFI MOJA TU KATIKA DAMU

Nina jambo la kukueleza, na naomba unisikilize hadi mwisho hata kama wewe na bayolojia hampatani.

Muhula uliopita mlezi wa chama chetu alitugawia istilahi za sayansi. Kila mwanachama alichagua kikaratasi kimoja kutoka kwenye kofia, akalichunguze neno alilopata, kisha aje awaeleze wenzake kwa Kiswahili ambacho hata nyanyake angekielewa. Wenzangu walipata usanisinuru na nguvu za uvutano, wakaanza kunung'unika. Mimi nilipofungua changu nilikuta 'selimundu'. Nikanyamaza. Neno lilikuwa geni kwangu, lakini jambo lenyewe nalijua tangu utotoni. Limeundwa kwa seli na mundu, ile zana iliyopinda tunayokatia nyasi. Kwetu watu husema siko seli, na ndugu yangu mdogo anao ugonjwa huo. Ameniruhusu nimwandike mradi nisimtaje jina, maana jarida hili hufika hata shuleni kwao.

Nyumbani kwetu ni karibu na Ziwa Viktoria. Mdogo wangu alizaliwa mzima kabisa, mnene, kila mgeni akitaka kumbeba. Alipofika miezi minane mikono na miguu yake ilivimba, akawa analia usiku kucha. Alipelekwa zahanati akapewa dawa ya malaria. Baada ya miezi kadhaa macho yakageuka manjano; malaria tena. Ikawa hivyo kwa karibu miaka minne. Majirani nao walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema karogwa. Wengine, na hawa ndio walioniudhi zaidi, walisema ati ni laana ya upande wa mama, kwa kuwa dada yake naye alifiwa na watoto wawili wenye dalili kama hizo. Mama hakuwajibu. Aliendelea kuuza omena wake sokoni, na jioni akirudi humkanda mtoto kwa maji ya moto.

Hatimaye daktari mmoja kijana alishuku, akachukua damu ikapimwe. Kisha sote tukaitwa tupimwe. Dada yangu alikuwa AA. Baba AS, mama AS, mimi AS. Mdogo wangu SS. Nilikuwa mdogo wakati huo, sikujua herufi hizo zilimaanisha nini. Sasa najua, na hilo ndilo somo langu.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya chembe zilizosheheni protini iitwayo hemoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwilini. Chembe nzima ni ya duara, mfano wa andazi lililobonyezwa katikati pande zote mbili. Ni laini, hata hupenya kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Hemoglobini imejengwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Chukulia kwamba mnyororo wa beta ni uzi wenye shanga 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, shanga 145 ni sawasawa na za mtu mwingine yeyote. Ni ile ya sita tu iliyobadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Na chanzo cha mabadiliko hayo ni herufi moja ya jeni, palipopaswa kuwa na A pana T. Herufi moja! Sisi tukikosea herufi moja katika insha hupunguziwa nusu alama.

Chembe ikiwa imebeba oksijeni, kosa hilo halionekani. Ikishaitoa, hemoglobini hizo hunatana na kujipanga kama nyuzi ngumu ndani ya chembe, zikaipinda hadi ikawa na umbo la mundu. Chembe iliyopinda haipenyi. Hukwama kwenye mishipa midogo, nyingine zikasongamana nyuma yake kama matatu saa ya jioni, na sehemu iliyo mbele ikakosa oksijeni. Hapo ndipo maumivu huanza. Mdogo wangu husema ni kama mfupa unasagwa ukiwa bado mwilini. Tena chembe hizo hazidumu. Ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya mundu huishi 10 hadi 20. Ndiyo sababu damu hupungua, na macho huwa manjano kutokana na masalia ya chembe zilizovunjika.

Sasa zile herufi. Kila mtu ana jeni mbili za beta, moja ya baba na moja ya mama. A ni ya kawaida, S ni ya mundu. Ili uwe mgonjwa wa SS ni lazima upate S kutoka pande zote mbili. Wazazi wakiwa AS wote wawili, kila mimba ni kama kurusha sarafu mbili: robo ya uwezekano ni AA, nusu ni AS, robo ni SS. Na sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kwamba wa kwanza ni mzima hakumlindi wa pili. Mambo yakiwa hivyo, ile laana ya upande wa mama iko wapi? Mdogo wangu alipata S moja kwa baba na S moja kwa mama, nusu kwa nusu. Siku niliyomwonyesha mama mchoro huo kwenye daftari langu la bayolojia aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimchoree mwingine autie kwenye mkoba wake.

Wataalamu walichukua muda kufika hapo. Mwaka wa 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza kwa mara ya kwanza kuhusu chembe zilizopinda, alizoziona katika damu ya mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika hemoglobini yenyewe, na mwaka wa 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, akaanza kuitambua ile shanga iliyobadilika.

Lakini kuna kitendawili. Ikiwa jeni hii imekuwa ikiua watoto tangu zamani, mbona haijatoweka?

Aliyekitegua alikulia hapa hapa Kenya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1925, akalelewa Kenya. Mwaka wa 1949, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikuja na msafara wa Mlima Kenya akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aligundua kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na jeni ya mundu, ilhali katika nyanda za juu hakufika hata mmoja kwa mia. Jiulize, pwani na ziwani kuna nini ambacho ni haba kule kwenye baridi? Mbu, bwana! Mbu na malaria yake.

Alirudi mwaka wa 1953 kuhakikisha. Huko Uganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya mundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikuwa 113. Kisha akafanya jaribio jingine kwa Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wenye jeni hiyo na 15 wasio nayo, wote wakaambukizwa malaria makusudi. Wenye jeni waliopata vijidudu walikuwa 2, wasio nayo 14. Nitasema ukweli wangu: hili la mwisho silipendi. Waliambukizwa ugonjwa unaoua ili swali la mtu mwingine lijibiwe, na leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa kwa namna lilivyofanywa. Hata hivyo jibu lilipatikana, nalo likachapishwa mwaka wa 1954. Mwenye S moja hupata kinga. Utafiti uliofanywa Kilifi miaka mingi baadaye ulithibitisha kwamba kinga ya mtoto wa AS dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliweka kitabu chini. Mimi ni AS. Nimekulia ziwani, nimeumwa na mbu mara zisizohesabika, na sijawahi kulazwa kwa malaria. Jeni inayonikinga mimi ndiyo hiyo hiyo inayomtesa ndugu yangu, yeye kapewa mbili. Tena usidhani kwamba S mbili ni kinga mara mbili. La hasha! Malaria humwangusha mgonjwa wa SS vibaya sana, maana damu yake tayari ni kidogo.

Tuje kwenye tiba. Unakumbuka nilisema mdogo wangu alikuwa mzima hadi miezi minane? Mwaka wa 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, alilitia maanani jambo hilo hilo. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, isiyo na mnyororo wa beta, kwa hiyo isiyo na kosa. Baada ya kuzaliwa hiyo hupungua na ile ya ukubwani kuchukua nafasi yake. Watafiti wakajiuliza, je, mwili hauwezi kushawishiwa urudie ile ya utotoni?

Unaweza, na kuna njia mbili. Ya kwanza ni kidonge kiitwacho hidroksiurea, dawa ya zamani iliyokuwa ikitumiwa kwa saratani. Marekani waliiidhinisha kwa wagonjwa wazima wa selimundu mwaka wa 1998. Kwetu watu waliiogopa, wakisema huenda ikawadhoofisha watoto wanaoishi kwenye malaria. Basi likafanywa jaribio katika nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na la Kenya likawa Kilifi. Watoto 606 walipewa dawa hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, vifo vikapungua. Hata malaria yenyewe ilipungua, jambo ambalo waoga hawakulitarajia.

Njia ya pili ni mkasi. Mwaka wa 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima hemoglobini ya utotoni. Mwaka wa 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier wakaeleza mbinu ya CRISPR ya kukata jeni mahali unapotaka, iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020. Mbinu hizo mbili zikakutana. Seli zinazozaa damu hutolewa kwa mgonjwa, hukatwa pale panapoipa BCL11A nguvu, kisha hurudishwa mwilini. Mwaka wa 2019 Victoria Gray wa Mississippi akawa Mmarekani wa kwanza mwenye selimundu kutibiwa hivyo. Tiba hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo huo, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila kushikwa na maumivu makali.

Usidhani ni lelemama. Kabla ya seli kurudishwa, uboho wa zamani huangamizwa kwa dawa kali zinazoweza hata kuharibu uwezo wa kuzaa, na mgonjwa hukaa hospitalini majuma kadhaa. Bei ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Mdogo wangu aliposoma mswada huu aliniuliza, "Kama wanaweza kurekebisha, mbona wasirekebishe yangu?" Nikamtajia bei. Akacheka, akasema omena wote wa ziwani hawafiki hapo. Kisha akaenda kumeza kidonge chake, maana yeye hutumia hidroksiurea kila siku na damu yake hukaguliwa kila baada ya muda. Tangu aanze, amelazwa mara moja tu. Kabla ya hapo tulikuwa tumejua majina ya wauguzi wote wa wadi.

Penisilini nayo nisiisahau. Wengu wa watoto hawa huharibika mapema, wakabaki bila mlinzi dhidi ya bakteria za nimonia. Mwaka wa 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba penisilini ya kila siku hupunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo. Ni dawa ya bei ya chini kabisa. Lakini ataipataje mtoto ambaye hajapimwa? Ile miaka minne ya mdogo wangu ilipita bila hata kidonge kimoja, kwa kuwa kila mtu aliona malaria.

Jambo la mwisho linahusu bweni letu. Mwenzetu mwenye selimundu akikataa maji baridi ya alfajiri, si mvivu. Baridi humletea maumivu, kama vile kiu na mbio za kupita kiasi. Akitoka darasani mara kwa mara kwenda haja ndogo, mwache aende. Figo zake hushindwa kubana maji, ndiyo maana pia anahitaji kunywa kwa wingi. Na akipata homa usimwambie alale itapita. Mwite matroni usiku huo huo, kwani homa kwake ni dharura.

Wengi wameshaniuliza wajuaje kama wao ni AA au AS. Ni kipimo cha damu tu, na kwa walio karibu hospitali za kaunti ndizo pa kuanzia kuuliza. Mwenye swali jingine anitafute Jumatano kwenye mkutano wa chama, nitakuja na ule mchoro wa sarafu.