Vazi Moja, Maumbo Matano: Ninavyochagua Nguo za Wahusika Katika Guild Wars 2

Vazi likikuvutia kwenye picha ya dukani, usilipie kwanza. Picha ile imepigwa kwa umbo moja, mwanga mmoja, na mkao ambao mhusika wako hatakaa hata siku moja. Mhusika wako atakimbia, atapanda miamba, atakaa chini, na muda mwingi utakuwa unamtazama mgongoni. Anayechagua nguo kwa kuangalia kifua na uso tu anachagua upande ambao mwenyewe atauona mara chache mno.

Mimi nacheza nikiwa Kilolo, mkoani Iringa, kwa kompyuta mpakato ya kawaida na bando la usiku. Julai baridi ya huku ikishika, kushindana na watu wa Ulaya kwa wepesi wa vidole ni kujitafutia presha: mtandao unasuasua, na vidole vimekufa ganzi. Ndiyo maana nikajikuta kwenye upande wa gemu usiohitaji haraka, yaani kuvalisha. Guild Wars 2 ilitoka Agosti 2012, ikitengenezwa na ArenaNet ya Marekani, na tangu 2015 sehemu yake ya mwanzo inachezwa bure. Haitozi ada ya mwezi. Kwa mtu wa bando, hilo peke yake linatosha.

Kuna makabila matano ya kuchagua. Binadamu unawajua. Norn ni majitu ya kwenye theluji. Charr wana sura ya simba mwenye pembe na mkia. Asura ni wafupi, vichwa vikubwa, masikio marefu kama ya sungura aliyekasirika. Sylvari ni watu-mimea, ngozi ya majani na magome, na usiku miili yao inatoa mwanga. Ukishachagua kabila hubadilishi tena. Nywele, uso, hata urefu unaweza kuvirekebisha baadaye kwa kulipia, lakini Asura atabaki Asura. Kwa hiyo kama unajali mavazi, kazi ya kuchagua nguo inaanza siku unayomuumba mhusika.

Shida yenyewe iko hapa. Kamati ya harusi ikishapitisha kitambaa cha sare, kila shangazi anachukua kipande chake na kwenda kwa fundi wake. Mnene anaongezewa kiuno, mfupi anakatiwa pindo, na siku ya siku wote wamependeza kwa kitenge kilekile. Kwenye gemu kitambaa kipo, fundi hayupo. Vazi limechorwa, kisha likanyooshwa au kubanwa liingie kwenye kila umbo. Kilichokuwa pindo la kupendeza kwa binadamu kinakuwa shuka la kuburuza kwa Asura. Kola iliyosimama vizuri kwenye shingo ndefu inamfunika Asura kidevu chote, maana shingo yenyewe karibu hana.

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani pale Ilula, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Alinikuta siku moja namzungusha Asura wangu kwenye kioo, amevaa koti refu lenye mabega ya chuma.

"Mwanangu, huyu mfupi mbona umemzika?"

"Ndivyo koti lilivyo, mama mdogo."

"Mpunguzie bega."

"Halipunguziki. Limeshonwa hivyo."

Akainama karibu na kioo, akamtazama kama anavyomtazama mteja aliyesimama mbele ya meza yake. "Basi mtafutie nguo isiyo na bega. Na hilo pindo liishie hapa," akagusa kioo juu kidogo ya goti, "miguu ionekane. Mfupi asipoonekana miguu anakuwa pipa."

Gemu hajawahi kucheza, lakini sijasoma ushauri wa Asura unaoshinda huo. Kwa Asura, ficha mabega kabisa. Ukifungua dirisha la mhusika, kofia, mabega na glavu vina alama ya kuviondoa machoni bila kupunguza kinga yake. Chukua nguo fupi, isiyo na kola, rangi moja kubwa na nyingine ndogo ya pembeni. Michoro midogomidogo iache, kwa sababu kwa kimo chake, ukirudisha kamera nyuma kidogo tu inageuka vumbi.

Norn ni kinyume chake. Kifua ni kipana, mabega ni makubwa, kiuno cha wanaume kimeingia ndani. Deraya nzito yenye mabega makubwa, ambayo kwa binadamu mwembamba inaonekana ya kuazima, kwa Norn inakaa mahali pake. Joho jepesi la mchawi ndilo linalompa shida: kitambaa kinatanuka kifuani na michoro inatanuka nacho. Ukitaka Norn mchawi, tafuta joho lenye manyoya au ngozi mabegani ili kifua kisibaki uwanja mtupu.

Kwa Charr nitakaa kidogo, maana ndiye anayewakimbiza watu wengi. Amepinda mgongo, kichwa kimetangulia mbele, ana pembe, ana mkia, na akiwa hajachomoa silaha anakimbia kwa miguu minne. Hebu fikiria koti refu juu ya mnyama anayekimbia kwa minne. Sehemu ya nyuma inamwangukia mapajani, mkia unatoboa kitambaa kama hakipo, na kila hatua pindo linaingia ndani ya goti na kutoka tena. Amesimama dirishani hayo yote huyaoni. Mjaribu hivi: mvalishe, ondoa silaha mkononi, mkimbize mita chache kwenye uwanda, kisha mzunguke kwa kamera akiwa bado anakimbia. Nguo inayofaa Charr ni ile inayoishia kiunoni, au iliyopasuliwa nyuma, au deraya ya vipande vipande vya chuma na mikanda. Kofia nazo ziangalie kwa makini: nyingi hazikuchorwa kwa kufikiria pembe, na pembe za Charr ndiyo sura yake. Mimi naficha kofia, basi. Halafu usitegemee Charr wa kike atavaa tofauti sana na wa kiume. Kwa kabila hili, na kwa Asura pia, mishono ya jinsia zote mbili inafanana mno. Wapo wanaolalamika. Mimi naona afadhali, kwa sababu deraya ya kike ya binadamu mara nyingi imeacha wazi palepale mkuki unapoingilia.

Sylvari ana jambo moja tu: usimfunike. Ule mwanga wa usiku uliuchagulia rangi siku unamuumba, halafu unamvika joho hadi vidoleni! Tafuta vazi linaloacha mikono au mgongo wazi, kisha chukua rangi ya nguo inayokaribiana na ngozi yake badala ya kushindana nayo. Binadamu sina la kumsemea. Karibu kila kitu kinamkaa, na ndiyo maana binadamu wengi mjini wamefanana.

Sasa rangi. Kila kipande cha deraya kinaweza kuwa na sehemu hadi nne za kupaka rangi, na rangi ukiifungua inatumika na wahusika wako wote. Lakini rangi ileile haitokei sawa kwenye chuma, ngozi na kitambaa. Nyeusi ya kitambaa inaweza kuwa nyeusi tii, na juu ya chuma ikawa kijivu kinachong'aa. Anayepaka sehemu zote kwa jina moja la rangi akidhani zitalingana atashangaa akitoka juani. Mimi naanza na chuma, kwa sababu ndicho kigumu, kisha nalinganisha kitambaa na chuma kwa macho, jina la rangi nikilipuuza. Buti nazipaka kahawia inayoelekea wekundu. Hiyo ni tabia ya mtu aliyekulia kwenye udongo wa Kilolo. Buti safi kwenye mhusika aliyetembea dunia nzima siziamini.

Mwanga nao unadanganya. Siku nzima ya gemu ni saa mbili za kwetu: mchana dakika 70, usiku dakika 40, na dakika tano tano za mapambazuko na machweo. Ukijaribu vazi usiku ukaridhika, subiri kukuche ulione tena. Mimi nina vituo viwili vya majaribio. Cha kwanza ni Hoelbrak, mji wa Norn, ambako theluji inaumbua rangi zilizopauka. Cha pili ni Black Citadel ya Charr, chuma na wekundu kila upande, na vazi jekundu linapotelea ukutani. Likipita pote pawili, litapita popote. Na kama kompyuta yako imewekewa michoro ya chini ili isikwame, ipandishe kwa dakika hizo za majaribio tu. Kwenye michoro ya chini rangi zinafifia na utalisingizia vazi bure.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, piga picha. Simamisha kila mhusika mahali palepale, wakati uleule wa siku ya gemu, kamera umbali uleule. Bonyeza Ctrl, Shift na H kwa pamoja ili maandishi yote yaondoke kwenye kioo, kisha Print Screen. Picha zinakwenda kwenye folda ya Screens ndani ya nyaraka zako. Piga ya mbele, ya nyuma, na ya akiwa amekaa. Ya kukaa unaandika /sit kwenye sehemu ya mazungumzo, na hapo ndipo makoti marefu yanapoumbuka. Zipange picha kwenye simu, uziangalie kesho yake ukiwa na macho mapya. Kukiwa na umeme, lakini.

Kuna kitu wageni wanakichanganya. Deraya ni vipande sita, na imegawanywa kwa uzito: nyepesi kwa wachawi, ya kati kwa wawindaji, wezi na mafundi mitambo, nzito kwa wapiganaji wa mbele. Mwonekano wa nzito hauendi kwa mchawi. Ila kuna mavazi kamili yanayouzwa dukani kama kitu kimoja, na hayo yanavaliwa na yeyote, uzito wowote, kabila lolote. Ukinunua mara moja, wahusika wako wote wamepata. Ubaya wake huwezi kuchanganya: huchukui koti la hili na suruali ya lile. Kwa mwenye wahusika wengi wa maumbo tofauti, vazi kamili ni nafuu. Kwa mwenye Charr mmoja anayempenda, vipande vinalipa zaidi, kwa sababu unakwepa kile kinachogombana na mkia na kuacha vingine. Deraya ya kati jitayarishe nayo kisaikolojia: ni makoti marefu, na yakiisha ni makoti marefu mengine.

Bei: mavazi mengi kamili yanauzwa vito 700 (vito ndiyo sarafu ya duka la gemu), na vito 800 ni dola 10 za Marekani. Hiyo ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa nguo isiyoshikika, na mama mdogo akisikia atanifukuza nyumbani. Kwa hiyo kila kitu nakijaribisha dukani kwanza, maana kutazama ni bure: unalibofya vazi, linamkaa mhusika uliyeingia naye, unamzungusha, unabadili rangi hata zile usizonazo. Kama kabila unalotaka kulijaribu huna, na una nafasi tupu, umba mhusika wa muda, mjaribishe, piga picha, mfute. Duka huzungusha bidhaa na kupunguza bei mara kwa mara, kwa hiyo vazi lililoondoka leo lina nafasi ya kurudi, na safari hiyo utakuwa na picha zake mkononi, Asura akiwa amekaa na Charr akiwa anakimbia.