Kudumisha Mazoezi ya Mbio Wakati wa Kiangazi



Somo hili tunalielekeza kwa vijana wa Busia, Malaba na Tororo wanaokimbia kila siku, wengine kwa ajili ya michezo, wengine wakijiandaa kwa majaribio ya kuingia katika vikosi vya usalama. Mfano mwema wanao: Joshua Cheptegei, afisa wa Polisi ya Uganda, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Lakini kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwapoteza wakimbiaji wa namna mbili: anayeacha kabisa kwa kuliogopa jua, na anayeng'ang'ania kasi ile ile mpaka akaanguka. Njia iliyo salama ni kupunguza bila kuacha.

1. Joto

Jasho humpoza mkimbiaji pale linapokauka. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu na joto hubaki mwilini. Mwaka 2019, katika mashindano ya riadha ya dunia mjini Doha, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane ili kukwepa jua. Hata hivyo, kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Mshindi, Mkenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, ilhali Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 8. Ikiwa bingwa wa dunia hupunguza kasi, nasi tusione haya.

Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Katika siku hizo tufupishe mwendo, kisha tuuongeze polepole. Tuanze mwanga unapotokea, yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na tumalize kabla ya saa mbili. Tunywe maji kila tuonapo kiu. Aliyetoka jasho jingi anaweza kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa kichwa ni amri ya kusimama. Mwenzetu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, maisha yake yako hatarini. Tumpeleke kivulini, tumvue nguo za juu, tummwagie maji mwili mzima na kumpepea, huku tukitafuta usafiri wa kumfikisha hospitali. Aliyezimia asinyweshwe chochote.

2. Miguu

Jeraha dogo likitunzwa mapema hugharimu siku chache. Likipuuzwa hugharimu miezi.

Lengelenge lisichunwe ngozi yake. Lioshwe kwa maji na sabuni, lifunikwe kwa kitambaa safi. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, na raba ziache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Anayenunua raba za mitumba azijaribu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na azikague nyayo kama hazijalika upande mmoja. Ukungu wa katikati ya vidole huzuiwa kwa kukausha miguu vizuri na kubadili soksi kila siku.

Funza hupenya kwenye vidole na visigino, hasa kwa wanaokimbia pekupeku penye vumbi. Wasichokolewe kwa pini inayopita mkono hadi mkono, kwani huweza kueneza pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Tuwaone wahudumu wa afya, wala tusimcheke mwenye funza, maana aibu ndiyo humchelewesha kutibiwa.

Kisigino kinachouma kwa hatua za kwanza za asubuhi kinahitaji mapumziko na kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Siku hizo tuendeshe baiskeli, chombo kile kilichozaa boda boda hapa Busia: pumzi itabaki imara na kisigino kitapata nafuu.

3. Barabara

Katika nchi zetu zote mbili magari hupita kushoto, basi mkimbiaji akae kulia, ayaone yanayomjia. Tuepuke foleni za malori ya Malaba na Busia, ambako dereva aliye juu hawezi kumwona anayejipenyeza kati ya magari. Tuvae nguo za rangi nyangavu, tukimbie wawili au zaidi, na kila mmoja abebe kitambulisho, kwani akianguka ndicho kitakachowasaidia watu kuwapata jamaa zake. Anayevuka mpaka apite kwenye kituo rasmi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kukimbia usiku hakumwondolei mkimbiaji hatari yote ya joto?
2. Mwenzako amezimia mazoezini. Utafanya nini kwanza, na utajiepusha na nini?
3. Katika kijiji chenu, ni njia ipi salama kwa wakimbiaji, na ni nani wa kuitunza?