MANJANO NA UGONJWA WA KANSA

Manjano tunayajua sote. Tunayatia katika mchuzi, na ukiyashika vidole vinabaki na rangi. Siku hizi wapo wauzaji wanaosema ati unga wa manjano unaponya kansa. Hebu tulitazame jambo hili, maana ni la uhai.

Ndani ya manjano mna kitu kiitwacho kurkumini. Ndicho kinacholeta ile rangi. Vogel na Pelletier walikitenga huko Ufaransa mwaka 1815. Katika gramu 100 za unga, kurkumini ni kama gramu 3 tu. Tena ukiila, sehemu kubwa haiingii katika damu. Hutoka na choo.

Je, kansa ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe yumo mjumbe, wataalamu humwita STAT3. Ukijikata na jembe, mjumbe huyu hupeleka habari kwenye kiini cha chembe, chembe zikaongezeka, kidonda kikapona. Kisha hunyamaza. Katika kansa za namna nyingi hanyamazi. Anapeleka amri ya kuongezeka usiku na mchana, kama mtu anayepiga kengele ya shamba hata siku ya mapumziko. Uvimbe unakua.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walilibadili kidogo umbo la kurkumini, kama fundi anayechonga mpini mpya kwa kufuata ule wa zamani. Wakapata kitu wakakiita FLLL32. Mwaka 2010 walieleza kwamba kinamzuia STAT3 asipeleke amri, na chembe za kansa ya titi na ya kongosho zikafa. Lakini hizo zilikuwa chembe za kwenye vyombo vya maabara, na uvimbe uliopandikizwa katika panya. FLLL32 imetengenezwa na watu. Hamna FLLL32 ndani ya manjano ya sokoni.

Basi mchuzi wa manjano tule, ni chakula. Lakini mwenye uvimbe katika titi, hata kama hauumi, au kidonda kisichopona, au mama anayetokwa damu baada ya kukoma hedhi, asikae nyumbani miezi mitatu akinywa unga kwa maji. Aende zahanati, wampe barua ya hospitali. Uvimbe wa titi ukiwa mdogo daktari anaweza kuukata ukaisha. Ukishaenea mwilini, kazi ni ngumu mno. Na mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa za kansa amwambie daktari kama anatumia unga au vidonge vya manjano, kwa sababu vinaweza kugongana na dawa zake.