POMBOO WA KIZIMKAZI NA NDEGE WA VISIWANI



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, sisi wa Kasokola maji makubwa tuyajuayo ni ya Ziwa Tanganyika, kule Karema. Humo wamo migebuka na dagaa, lakini pomboo hamna. Kumwona pomboo sharti ufike baharini, na mahali panapojulikana sana kwa jambo hilo ni Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Wanaosoma tarekh wanalifahamu jina hilo kwa ajili ya msikiti wa Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia.

Pomboo anaishi majini, ila si samaki. Ana mapafu, hupumua kwa tundu lililo juu ya kichwa, huzaa na kunyonyesha. Mkia wa samaki umesimama wima na hupiga kushoto na kulia. Wa pomboo umelala, hupiga juu na chini. Hata usingizi wake ni wa ajabu: nusu ya ubongo hulala, nusu ya pili hubaki macho ili apande juu kuvuta pumzi. Subhanallah!

Zamani wavuvi wa Kizimkazi waliwawinda pomboo kwa nyama na kwa chambo cha papa. Mwaka 1992 wageni wakaanza kupelekwa kwa mashua kuwatazama, na kufikia 1996 uwindaji ule ukakoma. Pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekufa. Mwaka 1997 eneo hilo likawekwa chini ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai.

Je, taabu imekwisha? Hapana. Pomboo wa pale si wengi. Hesabu zilizofanywa karibu na mwaka 2000 hazikufika 200 kwa aina ya kawaida, na wenye nundu mgongoni walikuwa wachache zaidi. Mimba ni kama mwaka mzima, na mama hulea mtoto mmoja kwa miaka kadhaa. Akinasa mmoja kwenye jarife, pengo lake halizibiki upesi. Watafiti waliona pia kwamba mashua zikiwazunguka, pomboo hupunguza kupumzika na kula, wakabaki kuogelea kukimbia. Nahodha mwema hupunguza mwendo, hukaa ubavuni mwao, wala hawakatizi njia. Abiria anayelipa na kusema "wafukuze tuwaone vizuri" ndiye anayeharibu, kwa maoni yangu, kuliko nahodha.

Ndege nao vivyo hivyo. Kisite, kisiwa kidogo cha Kenya kinachofikiwa kwa mashua kutoka Shimoni, ni hifadhi tangu miaka ya 1970; pomboo wapo, na membe hutaga huko. Membe hutaga chini pakavu, bila kujenga kiota. Mtu akishuka akatembea hovyo, ndege huruka wote, na mayai hubaki kwenye jua kali.

ZOEZI

Taja tofauti tatu za pomboo na samaki. Eleza kwa nini membe atazamwe ukiwa ndani ya mashua. Kisha fungua Suratul An'aam, aya ya 38, usome inavyowataja wanyama na ndege, na umweleze mwalimu inahusianaje na abiria yule.