KUPANGA KIARABU NA KISWAHILI KATIKA UKURASA MMOJA

Himdi ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda wa karne nyingi, na zama hizo mwandishi wa pwani hakuwa na taabu ya kuchanganya njia: aya, hadithi na maelezo yake ya Kiswahili, vyote vilianza kulia vikaishia kushoto. Kiswahili kilipoanza kuandikwa kwa herufi za Kirumi, kitabu cha dini kikawa na njia mbili katika ukurasa mmoja. Gazeti la Al-Islah, alilolitoa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mjini Mombasa mwaka 1932, lilikuwa na Kiswahili na Kiarabu; na Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, ina Kiarabu pamoja na tafsiri yake. Vitabu vingi vya chuoni navyo ni hivyo hivyo.

Basi yampasa kila mwenye kutengeneza kitabu cha namna hii ayajue mas'ala yafuatayo. Kwani kosa la mpangaji halina alama ya kulitambulisha kuwa ni kosa. Mtoto anayehifadhi hulipokea kuwa ndiyo aya.

MAS'ALA YA KWANZA: Taratibu mbili za maneno

Jua ya kwamba maneno yana taratibu mbili. Ya kwanza ni taratibu ya kusoma: neno lipi hutangulia kutamkwa na lipi hufuata. Ya pili ni taratibu ya kuonekana: neno lipi liko kulia na lipi liko kushoto. Katika Kiswahili cha herufi za Kirumi, neno la kwanza kusomwa liko kushoto. Katika Kiarabu liko kulia. Vikichanganywa, jicho hutoka kushoto, likifika penye Kiarabu huruka mpaka ncha ya kulia ya maneno hayo, husoma kurudi kushoto, kisha huruka tena kuendelea na Kiswahili. Msomaji hufanya hayo bila ya kufikiri. Ama mpangaji hana budi kufikiri.

Na asili ya makosa mengi ni kupanga kwa kutazama umbo bila ya kujua kusoma. Qurani ya kwanza kupigwa chapa kwa herufi za kupangwa ilitoka mjini Venice, katika matbaa ya Paganino Paganini na mwanawe Alessandro, karibu na mwaka 1538. Walikuwa mafundi wa kazi yao, lakini msahafu ule ulitoka na makosa mengi ya herufi na irabu. Ufundi wa mikono haukusimama mahali pa elimu ya lugha.

MAS'ALA YA PILI: Mstari unapokatika

Hapa ndipo penye khatari kubwa. Itazame sentensi hii:

كتب المعلم الدرس في اللوح

Husomwa: kataba l-muallimu d-darsa fi l-lauhi, maana yake, mwalimu aliandika somo ubaoni. Ni maneno matano. Tuseme imo katikati ya maelezo ya Kiswahili, na mstari umebakiwa na nafasi ya maneno mawili tu. Iliyo sahihi ni "kataba l-muallimu" kubaki juu, na matatu yaliyosalia kushuka mstari wa chini, na kila kipande kisomwe kutoka kulia.

Ama mpangaji asiyejua huichukua sentensi nzima kama ufito mmoja, akaukata kwa kuanzia kushoto. Ncha ya kushoto ndiyo mwisho wa sentensi. Basi "fi l-lauhi" hubaki juu, na "kataba l-muallimu d-darsa" hushuka chini. Mwenye kusoma hukuta "ubaoni" kabla ya kujua nani aliandika nini. Katika sentensi hii msomaji atacheka na kuitengeneza moyoni mwake. Katika aya hana ruhusa ya kutengeneza, na pengine hajui kuwa imepinduka.

Tena kuna mkato ulio sawa kwa taratibu na usiofaa kwa maana. Kalima ya shahada ikikatwa baada ya "la ilaha", na "illa llah" ikashuka chini, mpangaji hakupindua neno. Lakini mtoto asomaye kwa kuvuta husita mwisho wa mstari, na huwa amekana asithibitishe. Kwa hivyo kukanusha na kuvua kusitenganishwe.

Dawa yake ni nyepesi. Maneno mawili au matatu ya Kiarabu yawekwe katika mstari wa Kiswahili bila ya kukatwa. Yakizidi hapo, yapewe mstari wao peke yao, au safu yao ya upande wa kulia, na tafsiri ikae mkabala wake.

MAS'ALA YA TATU: Tarakimu, mabano na vituo

Ajabu ya Kiarabu ni kuwa maneno yake huandikwa kutoka kulia, na tarakimu zake husimama kama za Kirumi: elfu iko kushoto na mamoja yako kulia. Mwaka ١٣٤٢ ni 1342. Mpangaji anayegeuza kila kitu kwa kudhani kuwa Kiarabu chote hugeuzwa, huupata mwaka 2431, na tarehe ya kitabu huharibika. Tarakimu basi zisigeuzwe.

Ama mabano, la kufungua hutazama maneno yanayofuata. Katika Kiarabu la kufungua huwa kulia, na umbo lake ndilo lililo la kufunga katika Kiswahili. Na nukta ya mwisho huifuata sentensi yake: sentensi ikiwa ya Kiswahili na neno lake la mwisho ni la Kiarabu, nukta hukaa kulia kwa neno hilo, sentensi ikiwa ya Kiarabu, hukaa kushoto.

MAS'ALA YA NNE: Kukimbilia herufi za Kirumi

Suala: Je, si wepesi zaidi kuandika Kiarabu chote kwa herufi za Kirumi, njia zikawa moja?

Jawabu: Wepesi upo, na hasara yake ni kubwa kuliko wepesi wake. قلب ni moyo, na كلب ni mbwa. Katika herufi za Kiswahili cha kawaida yote mawili huandikwa "kalb". Ndivyo zinavyochanganyika sin na sad, ta na ta nzito, ha na ha ya kooni. Ibn Hajar al-Haytami, katika wanachuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafii, alikataza katika fatwa zake kuandika Qurani kwa herufi zisizokuwa za Kiarabu. Herufi za Kirumi zafaa kumsaidia mwanafunzi kutamka neno la mfano, kama zilivyotumiwa hapa juu. Hazifai kuchukua mahali pa aya.

MAS'ALA YA TANO: Risasi, jiwe na kompyuta

Katika herufi za risasi, kazi ya Kiarabu ni nzito kwa sababu herufi zake 28 hushikana. Nyingi zina maumbo manne: la mwanzo, la kati, la mwisho na la peke yake, na sita, nazo ni alif, dal, dhal, ra, zay na wau, hazishikani na inayofuata. Chapa ya jiwe, iliyovumbuliwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwaka 1796, iliondoa taabu hiyo, kwani khattati huandika ukurasa mzima kwa mkono wake, na mkono wa mwenye kusoma haupotei njia.

Kompyuta imerudisha suala lile lile. Mwaka 1987 Donald Knuth na Pierre MacKay walieleza namna ya kuipangisha mashine maandiko ya njia mbili. Tangu mwaka 1991 kuna mpango wa herufi uitwao Unicode, na kanuni yake ni hii: maneno huhifadhiwa kwa taratibu ya kusoma, na mashine ndiyo huyageuza wakati wa kuonyesha, baada ya mistari kukatwa. Kila herufi ina njia yake. Nafasi, nukta na mabano hayana njia, hufuata jirani zake. Kwa sababu hiyo nukta huweza kuruka upande usio wake. Mwaka 2013 ziliongezwa alama zisizoonekana za kuuzungushia ua msemo wa Kiarabu, usivute vya jirani wala usivutwe.

Lakini programu isiyoijua kanuni hii huzitoa herufi zimeachana, tena zimeanza kushoto. Mwenye kuona makosa hayo asigeuze herufi kwa mkono mpaka zionekane sawa. Siku kitabu kitakapofunguliwa kwa programu nyingine, au mstari utakapokatika pengine, kitapinduka. Abadili programu, ayaache maneno katika taratibu ya kusoma.

KHATIMA: Muqabala

Wanachuoni wa zamani hawakukiamini kitabu kilichonakiliwa mpaka kikabiliwe na asili yake, mmoja akisoma na mwingine akifuata kwa macho. Msahafu uliotolewa Cairo mwaka 1342 Hijria, sawa na 1924, ulipitiwa na kamati ya wanachuoni kabla ya kuenea.

Desturi hiyo ndiyo yapasa kushikwa katika kijitabu cha kurasa nane kama katika msahafu. Karatasi ya kwanza itolewe ikiwa imekwisha kukatwa mistari kama itakavyouzwa, maana kosa kubwa limo katika mkato. Aya zisomwe kwa sauti na aliyehifadhi, mwenziwe akiwa na msahafu mkononi. Kisha mwisho wa kila mstari wa Kiarabu utazamwe na mwanzo wa unaofuata. Kisha tarakimu, mabano na nukta. Karatasi ikisahihishwa, isomwe tena tangu mwanzo, kwani neno moja likiongezwa katika Kiswahili mistari yote iliyo chini yake huweza kukatika mahali pengine.

Wabillahi t-taufiki.