VVU: Pima, wahi, meza dawa

Macho hayapimi VVU. Mtu anaweza kuishi na virusi miaka mingi, mwili umenawiri, kazi anachapa, na mwenyewe hajui. Kwa hiyo acha kukisia. Nenda kapime.

Kituo chochote cha afya cha serikali kinatosha. Utaongea na mshauri, utatobolewa kidole, majibu utayapata siku hiyohiyo. Unaogopa kuonekana na majirani? Nenda kituo cha mtaa mwingine. Unaweza pia kujipima mwenyewe. Tanzania iliruhusu hilo kisheria mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kibali cha mzazi. Kipimo cha nyumbani kikionyesha maambukizi, nenda kituoni ukathibitishe.

Virusi hupita kwenye damu, shahawa, majimaji ya ukeni na maziwa ya mama. Kula sahani moja, kukumbatiana, kutumia choo kimoja au kuumwa na mbu hakuambukizi. Usimtenge mtu.

Sasa hili lishike sana. Kondomu imepasuka? Umebakwa? Umejichoma na sindano iliyotumika? Kimbia hospitali, uombe PEP. Ni dawa za kuzuia maambukizi, na lazima uanze ndani ya saa 72. Mapema zaidi ndiyo bora. Utazimeza siku 28 bila kuruka. Kama ni usiku wa Jumapili, nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo. Inaniuma kuona watu wakizimaliza saa hizo chumbani kwa aibu, ilhali dawa ipo.

Usipime siku moja baada ya hatari ukashangilia. Vipimo vya kawaida hutafuta kingamwili, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Rudia baada ya miezi 3.

Kama hatari kwako ni ya mara kwa mara, kwa mfano mwenzi wako ana VVU na bado virusi vyake havijashuka, uliza kuhusu PrEP. Hiyo ni dawa ya kuzuia maambukizi, unaimeza kabla ya hatari.

Majibu yakisema unao, anza ARV, dawa za kudhibiti virusi, mara moja, hata siku hiyohiyo ikiwezekana. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku. Weka alamu kwenye simu. Ukisahau, meza ukikumbuka, lakini usimeze viwili kwa mpigo. Ukisafiri, beba vya akiba. Ukikohoa, pima kifua kikuu haraka.

Ukijisikia vizuri, usiache. Umejisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Mitishamba na maombi havichukui nafasi ya ARV. Omba, na kidonge umeze. UKIMWI ni hatua ya mwisho, kinga ya mwili ikishaporomoka, na anayetumia dawa vizuri anaweza asiifikie kamwe.

Ukienda kliniki, dai kipimo cha wingi wa virusi. Vikishuka hadi visigundulike na ukaendelea na dawa, humwambukizi mwenzi wako kwa ngono. Hili limethibitishwa, na wengi bado hawajaambiwa.

Una mimba? Pima kwenye hudhurio la kwanza, na baba aje apime pia. Mama anayetumia ARV na kufuata ratiba ya kliniki ana nafasi kubwa sana ya kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na VVU.

Kwenye vituo vya serikali Tanzania, ARV ni bure. Nenda wiki hii, na ukiweza, mwende pamoja na mwenzako.